Swali la Kivukoni

Tarehe 5 Agosti 1924, pale Kigoma, Waingereza na Wabelgiji walitia saini itifaki iliyoeleza mpaka wa Tanganyika na Ruanda-Urundi unapita wapi. Miaka michache kabla ya hapo pande zote mbili zilikuwa koloni moja la Mjerumani. Itifaki ilifuata mito na vilima, na kwa sehemu kubwa upande wetu ilishika mkondo wa Malagarasi. Mimi nilizaliwa Mabamba, wilaya ya Kibondo, karibu kabisa na mpaka huo, na bibi yangu mzaa baba aliolewa akitokea ng'ambo, wino wa wakubwa wale ukiwa haujakauka vizuri. Ng'ombe wa mahari yake walivushwa mto kwenda kwao, naye akavuka kuja kwetu. Alizika wakwe zake huku, akazaa huku, akafa huku. Maisha yake yote sikuwahi kumsikia akisema kwamba alihama nchi. Aliolewa, basi.

Nimefundisha Historia sekondari, na sasa nimestaafu naishi Kasulu, ambako pia nasoma masomo kanisani Jumapili zamu yangu ikifika. Swali ninaloliandika hapa limenifuata darasani na kanisani vilevile. Mtu anapoitwa Muha, Mrundi, Mhutu, Mtutsi, Mtanzania, jina hilo liko ndani yake kama damu ilivyo ndani ya mshipa, au linazaliwa pale mtu mwingine anapomsimamisha na kumuuliza? Na kama linazaliwa kwa kuulizwa, ni nani aliyempa muulizaji haki hiyo?

Kwa sisi wa nyanda hizi za juu swali hili si mchezo wa wasomi. Buha, nchi yetu Waha, ilikuwa na tawala zake: Heru, Muhambwe, Buyungu, Bushingo, Luguru, Bujiji. Mwami na jamaa zake, pamoja na wenye makundi makubwa ya ng'ombe, walikuwa Watutsi. Wakulima walikuwa Waha. Mkulima alipewa ng'ombe na mkubwa, naye akawa mtu wake, akimlimia na kumtumikia. Ndio ubugabire, na ng'ambo ya mto walikuwa nao uleule kwa jina lilelile. Lugha ni moja kwa kiasi kwamba mtu wa Kasulu na mtu wa Ruyigi husikilizana bila mkalimani. Ukisimama mwaka 1920 juu ya kilima chochote kati ya Heru Juu na Gitega, ukaangalia nani anachunga, nani anapalilia na nani anaamua kesi, usingeona sababu ya upande mmoja kuja kuzika watu kwa malaki na upande wa pili kutozika.

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Kuanzia mwishoni mwa Aprili 1972, baada ya uasi wa Wahutu kusini mwa Burundi ambamo Watutsi wengi waliuawa, serikali ya Rais Micombero iliwaandama Wahutu, hasa waliosoma. Walimu, makarani, wachungaji, wanafunzi. Majina yalisomwa darasani kutoka kwenye orodha, mtoto akasimama, akatoka nje, hakurudi. Waliokufa wanahesabiwa kuwa zaidi ya 100,000. Oktoba 21, 1993, Rais Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kuchaguliwa kushika nafasi ile, aliuawa na wanajeshi baada ya miezi mitatu tu madarakani. Watutsi vijijini wakauawa na majirani zao, jeshi nalo likawaua Wahutu, na vita vikaendelea kwa zaidi ya miaka kumi. Mimi nimeita majina ya wanafunzi asubuhi kwa maisha yangu yote ya kazi, na kila nikifika kwenye habari ile ya orodha ya mwaka 1972 sauti hunikauka. Kitendo ni kilekile changu: kufungua daftari, kusoma jina, kusubiri mtoto aitike.

Kwa nini kwetu haikuwa hivyo? Wapo wanaopenda kujibu kwamba sisi ni watu wa amani kwa asili. Siamini. Bibi yangu na kaka zake walinyonya ziwa moja. Jibu ninaloliona ni kwamba huku swali liliachwa kuulizwa. Mwami Theresa Ntare wa Heru, mwanamke aliyetawala Kasulu zama za Mwingereza, alikuwa wa ukoo wa kitawala, na watu wazima wa umri wangu walimjua kama mwami. Lakini mwaka 1963 serikali ilifuta uchifu nchi nzima, na hakuna aliyeulizwa tena Ututsi wake ili apewe kazi au anyimwe shule. Sensa ya 1967 ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuuliza Watanzania kabila. Ng'ambo, katika Rwanda ya Wabelgiji, kabila lilikuwa limekwisha kuandikwa kwenye kitambulisho tangu miaka ya 1930, na Burundi ikajenga jeshi na utawala ambao kuingia kwake kulitegemea wewe ni nani. Watutsi wa Buha hawakufa wala hawakuhama. Wapo. Wamekaa katikati yetu hadi wajukuu wao wakawa Waha kama wengine, kwa sababu hapakuwa na mtu mwenye daftari aliyewataka wachague.

Wanafunzi wangu walikuwa wepesi kurukia kusema basi mpaka ndio ubaya wenyewe, tuufute. Hapo niliwazuia. Mwaka 1964 kule Cairo, Nyerere ndiye aliyetetea azimio la nchi huru za Afrika kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni, na alikuwa na sababu. Bara zima lingepigana. Na kwa mama aliyekimbia kutoka Ruyigi na mtoto mgongoni, mpaka uleule uliomtenga na ukoo wake ndio uliomwokoa, maana askari aliyekuwa nyuma yake alitakiwa kusimama hapo. Hakusimama siku zote. Mwaka 1973 jeshi la Burundi lilishambulia vijiji vya mpakani Kigoma likiwaandama wakimbizi, na Watanzania wakafa pamoja nao. Hata hivyo wengi waliovuka walipona. Waliovuka mwaka 1972 wengi wao walipelekwa mbali, Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakalima na kulisha watu, na miaka zaidi ya 40 baadaye zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao wakapewa uraia wa Tanzania. Jambo la namna hiyo dunia haijaliona mara nyingi, na ninalisema kwa fahari.

Mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliishi na wakimbizi hao katikati ya miaka ya 1980, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1995. Aliwakuta wa Mishamo, waliokaa peke yao makazini, wakisimuliana bila kuchoka habari za taifa lao lililofukuzwa, wakijiona Wahutu zaidi kuliko walivyokuwa kwao. Waliojichanganya Kigoma Mjini hawakuwa hivyo. Walioa Waswahili, wakauza samaki, na akiulizwa mmoja ni mtu wa wapi alijibu kulingana na mahali alipo. Wengine wangemwita huyu wa pili mwongo. Mimi namwona kama mtu aliyekataa kufungwa na jibu moja.

Katika maktaba ndogo ya shule tulikuwa na hadithi za Wahindi kuhusu kugawanywa kwa nchi yao Agosti 1947, na niliwasimulia vijana wangu mbili kati yake kwa sababu ziliwasaidia kuona kwao kwa macho mapya. Ya kwanza ni ya Saadat Hasan Manto, aliyefia Lahore mwaka 1955. Serikali za India na Pakistani zinaamua kubadilishana vichaa: Mwislamu aende huku, Mhindu na Singasinga wapelekwe kule. Singasinga mmoja mzee anauliza kijiji chake kiko nchi gani, hakuna anayeweza kumjibu, na mwisho anaanguka na kulala kwenye kipande cha ardhi kilicho kati ya nyaya za nchi mbili. Ya pili ni riwaya ya Amitav Ghosh ya mwaka 1988, ambamo bibi mmoja mzaliwa wa Dhaka anajiandaa kupanda ndege kwenda kwao kwa zamani na anataka kujua kama akichungulia dirishani atauona mpaka. Mtoto mmoja kutoka Mabamba alicheka sana kwa hilo, kisha akasema, "Mwalimu, hata kwetu bibi anaweza kuukanyaga asiuone." Dhaka ile ndiko mpwa wa bibi huyo anakouawa na kundi la watu mwaka 1964, kwa ghasia zilizoanzia kwenye kupotea kwa unywele mtakatifu wa Mtume huko Srinagar, zaidi ya maili elfu moja mbali. Wauaji hawakumjua. Walijua kundi alilowekwa.

Sasa nirudi nyumbani, maana ningekuwa sisemi kweli kama ningeishia kusema kwamba kwetu swali liliachwa. Liliachwa kwa Mtutsi na Muha. Limerudi kwa sura nyingine: raia au Mrundi? Mwaka 1997 wanajeshi waliwakusanya watu wa asili ya Burundi waliokuwa wakiishi vijijini mwa Kigoma, wengine kwa miaka 20 na zaidi, wakawapeleka makambini. Mume akaenda kambini, mke Mtanzania akabaki na migomba. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga, ya kuwaondoa wahamiaji haramu, katika Kigoma, Kagera na Geita. Na hadi leo kijana wa Kibondo anayeomba kitambulisho cha taifa huulizwa maswali ambayo kijana wa Moshi hayajui: babu yako alizikwa wapi, itamke hii, mbona Kiswahili chako kiko hivyo. Muha anasimamishwa ndani ya basi kwa sababu ya lafudhi yake. Naielewa kazi ya wanaolinda nchi, na najua silaha zimepita porini kwetu na watu wametekwa barabarani. Lakini lafudhi haibebi bunduki.

Nililoliona kwa macho yangu ni hili. Jirani yangu mmoja, muumini mwenzangu, alimchukua kijana kutoka ng'ambo amlimie. Walipatana kwa msimu: kufyeka, kulima, kupanda maharage na mihogo, kupalilia, na ujira wote utolewe maharage yakishavunwa. Kijana alilala katika kibanda nyuma ya nyumba. Alikuwa mkimya, akiamka kabla ya jogoo, na jembe lake lilikuwa limechakaa upande mmoja kwa sababu alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Jirani alimwita "mdogo wangu." Maharage yakavunwa, yakapigwa, yakajaa magunia, na asubuhi ya kulipana mgambo wawili walifika. Nilikuwa uani nikianika nguo. Kijana alikuwa ameinama anachochea moto chini ya sufuria ya ugali. Waliuliza, "Wewe Mrundi?" Akanyanyua macho kumtazama mwenye nyumba, wala hakuwajibu. Wakamgeukia jirani yangu. Akasema, "Mimi simjui. Alikuja kuomba kibarua juzi."

Juzi! Miezi mitatu ilikuwa imepita. Walimchukua, sufuria ikabaki inachemka hadi mke wa jirani akatoka kuiepua. Jioni nilikwenda, nikamwambia, "Baba, ujira wa yule kijana uko wapi?" Akanijibu bila hasira, kwa upole kabisa, "Mama mwalimu, yule si raia."

Nimeligeuza jibu hilo kichwani kwa muda mrefu. Halikuwa uongo. Kijana kweli hakuwa raia. Lakini ukweli huo mmoja ulifuta shamba lililolimwa, magunia yaliyosimama ukumbini, na lile neno mdogo wangu. Waraka wa Yakobo unautaja waziwazi ujira wa wavunaji uliozuiwa, na hauulizi wavunaji hao walikuwa wenyeji wa wapi. Wale waliosoma orodha mwaka 1972 walifanya kitu kikubwa na cha kutisha kuliko jirani yangu kwa umbali usiopimika, sitaki kuwalinganisha. Ila mlango waliopitia wote ni mmoja. Kwanza unachukua jambo moja la kweli kuhusu mtu. Kisha unalifanya liwe yeye mzima.

Kitabu cha Waamuzi kina habari ninayoisoma kwa hofu, kwa sababu inafanyika kivukoni. Wagileadi wamewashinda Waefraimu na kushika vivuko vya Yordani. Anayetaka kuvuka anaambiwa atamke neno moja, Shibolethi, na Mwefraimu, ambaye ulimi wake hauitoi sauti ile ya mwanzo, anauawa papo hapo. Biblia inataja watu 42,000. Wote walikuwa wana wa Israeli, wa Mungu mmoja. Waliishi pande mbili za mto, wakawa na lafudhi mbili. Habari hiyo haina nabii anayeinuka kukemea. Imeachwa hivyo, wazi kama kaburi lisilofukiwa, na nadhani imeachwa makusudi ili sisi tunaosoma tuone haya.

Nikitoka hapo naenda kwa Luka, kwenye mfano wa Msamaria, ambao tumeuhubiri mpaka umekuwa mwepesi mdomoni. Mwanasheria anamuuliza Yesu jirani yake ni nani. Anataka orodha, na orodha ina mwisho. Yesu anamsimulia mtu aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Wamemvua nguo, wamempiga, yuko nusu mfu. Mtu aliye uchi hana vazi la kumtambulisha, na aliyezimia hawezi kuambiwa atamke neno ili ulimi wake usikilizwe. Alama zote mbili ambazo mpita njia angezitumia kujua ni wa kwetu au wa kwao zimeondolewa. Kuhani na Mlawi hawana namna ya kujua. Msamaria naye hana. Anamsafisha vidonda mtu ambaye huenda angemtemea mate kama angekuwa na fahamu. Kwangu hilo ndilo fundisho lenyewe: kwamba huruma inakuja kabla ya swali, na ikingojea jibu imekwisha chelewa.

Lakini makanisa yalikuwa yamejaa, Rwanda na Burundi. Uamsho ulioanzia Gahini miaka ya 1930 ulivuka hadi Buha, ukawafanya watu waitane ndugu hadharani na kutubu mbele ya wenzao, na wazee wetu wa Kasulu waliimba nyimbo zake. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu walichinjwa ndani ya makanisa na waliobatizwa maji yaleyale. Sina njia ya kulikwepa hili. Ubatizo haukutosha, na anayesema ulitosha akaongee na walionusurika Ntarama. Ninachokishika ni kwamba wapo waliolikataa swali kwa sababu ya imani hiyohiyo, na mmoja wa mifano hiyo uko Burundi kwenyewe, kusini, huko Bururi.

Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 waasi wa Kihutu waliingia seminari ndogo ya Buta. Waliwakuta vijana bwenini, wakawaamuru Wahutu wasimame huku na Watutsi kule. Wavulana walikataa kutengana. Arobaini waliuawa, na miongoni mwao walikuwemo wa makabila yote mawili.

Nilipowasimulia kidato cha nne, msichana mmoja aliyekaa nyuma alinyoosha mkono. Alisema, "Mwalimu, Wahutu waliokuwa mle wangejitenga wangepona. Kwa kukataa wamekufa bure, na Watutsi wangekufa vilevile. Faida iko wapi?" Darasa likanyamaza wakiningoja. Swali lake ni zuri na sikutaka kulifunika kwa sifa za mashahidi.

Nilimwambia kwanza kwamba lawama ya vifo vyote arobaini ni ya walioshika bunduki. Hakuna hata chembe yake kwa mvulana yeyote, angejitenga au asingejitenga. Na hakuna mtu duniani mwenye haki ya kumdai mvulana wa umri ule afe, hata rafiki yake wa kitanda cha jirani. Kisha nikamwomba afikirie kujitenga kwenyewe ni tendo gani. Unapiga hatua tatu kuelekea ukutani. Hujasema neno. Lakini hatua zako zimekwisha jibu kwa niaba ya uliyemwacha pale uliposimama: huyo ndiye. Wale wavulana waliombwa zaidi ya kujitaja. Waliombwa kutajana. Walichokataa ni kuwa kidole cha muuaji, na kwa kuwa hakuna aliyenyoosha kidole, wale wenye silaha ilibidi waue bila kujua wanamuua nani, yaani ilibidi waue watu tu. Faida aliyoitafuta msichana yule, ya kuhesabu waliopona, haikuwepo. Ila kwa alfajiri ile moja ndani ya bweni lile hapakuwa na Mhutu wala Mtutsi, na waliolifanya hilo liwe kweli walikuwa watoto.

Hakuridhika. Alisema yeye angejitenga. Nikamwambia huenda hata mimi.

Jirani yangu hakuelekezewa bunduki. Alichokiokoa kwa kusema "simjui" ni fedha za magunia machache ya maharage. Hapa Kasulu na kule Kibondo hakuna atakayetuomba kesho ujasiri wa Buta, namshukuru Mungu kwa hilo. Tunaombwa vitu vya bei hiyo ya jirani yangu: kukiri kwamba namfahamu, kwamba alilima, kwamba namdai au ananidai. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, na watoto waliozaliwa humo wamekwisha kuwa wazazi, baada ya kusoma mitaala ya nchi ambazo hawajazikanyaga. Wanapotoka kutafuta kibarua Makere ni sisi wanaokutana nasi, kabla ya serikali yoyote.

Katika kikao cha wazee wa kanisa nimependekeza kwamba muumini anayemwajiri mtu shambani amlipe kila wiki, mbele ya shahidi, awe raia au asiwe raia, na kwamba atakayefanya alivyofanya jirani yangu asishiriki Meza ya Bwana hadi ujira umfikie mwenyewe au ndugu zake. Baadhi wameunga mkono. Wengine wanasema tunajiingiza kwenye mambo ya Uhamiaji. Nimewajibu kwamba Uhamiaji wana sheria yao ya kumrudisha mtu kwao, lakini sijaiona sheria inayosema arudi mikono mitupu. Tumekubaliana kulijadili tena baada ya mavuno, na nimeomba jirani yangu naye aitwe.